Je, mizaha ninayoifanya juu ya mguu wangu uliokatwa inanisaidia au inanificha?

Filimbi wa Same ameandika:

Wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Same, nina umri wa miaka 51, na kwa miaka 19 nimekuwa mwalimu wa michezo. Mwezi wa nne mwaka huu nilikatwa mguu wa kushoto, chini ya goti, kwa sababu ya kidonda cha kisukari ambacho nilikipuuza tangu kilipokuwa lengelenge dogo lililosababishwa na kiatu kipya.

Nilipokuwa wodini, kila aliyekuja kunijulia hali alikuwa na maneno yale yale: hujafa hujaumbika. Najua wanaolisema hilo wana nia njema, na mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wengine, lakini siku ya tatu nilianza kuhesabu, na kufikia saa kumi na moja jioni nilikuwa nimeambiwa mara kumi na moja. Mgeni wa kumi na mbili nilimwahi kabla hajafungua kinywa, nikamwambia kwamba ni kweli ninaendelea kuumbwa, ila safari hii fundi ameanza kwa kupunguza. Hakujua acheke au anishike mkono. Alifanya yote mawili, akaondoka mapema.

Kesho yake alikuja shemeji yangu. Mke wangu ni Mchaga wa Marangu na mimi ni Mpare wa milimani. Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa maana yake, lakini kwa walio mbali niseme tu kwamba Wapare na Wachaga ni watani, na sisi Wapare hutaniwa kwa ubahili, kwa hiyo kaka wa mke wangu ananitania kwa haki mbili, ya ushemeji na ya kabila. Aliingia wodini na chupa ya mtori, ile supu ya ndizi na nyama ambayo kwao hupewa mama aliyejifungua, akasimama miguuni pa kitanda, akatazama shuka upande ule uliolala bapa, kisha akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima: "Nimeleta mtori wa mzazi. Tumeambiwa umejifungua mguu. Mtoto yuko wapi?" Wodi ilinyamaza. Kisha akaongeza kwamba Mpare amehangaika maisha yake yote kutafuta njia ya kununua kiatu kimoja, na hatimaye ameipata. Nilimjibu kwamba nimefanya hesabu mbaya, kwa kuwa wenye maduka ni Wachaga na wataniuzia jozi nzima hata hivyo. Mzee wa kitanda cha jirani alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini, na mimi nilicheka hadi nyuzi zikaniuma. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu nilipozinduka kutoka kwenye nusu kaputi, kujisikia kwamba aliyelala pale kitandani ni mimi.

Tangu siku hiyo sijaacha. Niliporudi shuleni mwezi wa saba nikiwa na magongo, nilikuta darasa limeinamisha vichwa kama kwamba limefiwa, nikawaambia wanafunzi kwamba atakayeuokota mguu wangu aupeleke ofisini kwa mwalimu mkuu. Walicheka, hofu ikawatoka. Nina mizaha ya kanisani, ya kituo cha basi na ya benki. Filimbi, ambayo ndiyo iliyokuwa jina langu kwa wanafunzi, sasa inapulizwa na mwalimu mwingine, kijana hodari. Mimi nimekabidhiwa maktaba, na watu wanasema kwamba mwalimu yule mkali amekuwa mcheshi sana.

Shida iko nyumbani. Mama yangu anaona ninakufuru; amenikataza kulitania jeraha akidai kwamba litasikia. Huyo ninaweza kumwelewa. Lakini wiki iliyopita, baada ya wageni kuondoka wakiwa wanacheka, mke wangu aliniuliza swali ambalo limeninyima usingizi: "Watu wote wanarudi makwao wamefurahi. Mimi nimebaki na nani?"

Ninawauliza wenye uzoefu. Mtu atajuaje kwamba mzaha wake unambeba, na atajuaje kwamba amejificha nyuma yake?

Mhasibu wa Dodoma ameandika:

Mwalimu, pole, na karibu katika nchi ambayo mimi ni mwenyeji. Miguu yangu yote miwili ilipooza kwa polio nikiwa na umri wa miaka 3, kwa hiyo nitakuandikia kama mtu anayempokea mgeni, na mgeni huambiwa mapema mahali penye shimo.

Sina neno na mzaha wa shemeji yako. Nina neno na ule wa darasani. Je, katika shule yako yupo mtoto anayetembelea magongo, au anayechechemea, au ambaye mkono wake haukunjuki? Kama yupo, mzaha wako haukuishia darasani. Ulitoka nao ukaenda uwanjani wakati wa mapumziko, ukamtafuta. Wewe ulicheka ukiwa mwalimu mwenye mshahara, mke, watoto na miaka 50 ya kutembea kwa miguu miwili, yaani ulikuwa na akiba ya kutumia. Yeye hana akiba hiyo, na watoto wenzake hawatajua tofauti. Nilipokuwa darasa la pili niliitwa Kaa kwa sababu ya namna nilivyotambaa. Lugha yetu huliita jina la namna hiyo "jina la utani", ingawa waliolitoa hawakuwa watani wangu, na siku nilipojaribu kuwarudishia niliambiwa nina hasira za kilema.

Kwa kuwa nimelitaja neno hilo, niseme kidogo, ingawa nitatoka njiani hatua moja. Wapo wanaolalamika kwamba Kiswahili kimewaweka kilema, kiziwi, kipofu na kiwete katika umbo moja na kiti na kijiko. Hoja hiyo ina ukweli wake, japokuwa kiongozi na kijana nao wamo humo na hakuna anayewaonea huruma. Kinachonigusa zaidi ni kwamba maneno hayo humgeuza mtu mzima kuwa kile kiungo chake kimoja. Ndiyo maana sheria yetu ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu: mtu anatangulia, ulemavu unafuata. Sasa tazama unachokifanya wewe. Kanisani unazungumzia mguu, benki mguu, kituoni mguu. Hakuna mtu aliyekuita kilema, lakini umeanza kazi hiyo mwenyewe, na unaifanya kwa bidii.

Usidhani kwamba sisi hatucheki. Nina marafiki watatu wenye ulemavu, na tukikaa pamoja Ijumaa jioni husemwa mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini sisi kwa sisi kila mmoja anajua jinsi ya kujibu.

Jambo la mwisho, nalo si la mzaha. Wewe ni mwalimu wa michezo. Timu yetu ya taifa ya soka la watu waliokatwa viungo, Tembo Warriors, ilicheza Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022. Wachezaji wa ndani wana mguu mmoja na hukimbia kwa magongo bila mguu bandia, kipa ana mkono mmoja, na mchezaji akiugusa mpira kwa gongo kwa makusudi huhesabiwa ameunawa. Kuna kanuni za kujifunza na kuna vijana wa kufundishwa. Sielewi kwa nini filimbi imewekwa chini.

Mzee wa Kisarawe ameandika:

Mwalimu, pole sana, na mkwe wangu wa Dodoma namshukuru kwa kusema yaliyo magumu. Namwita mkwe kwa kuwa nina binti anayefanya kazi huko na sijapoteza matumaini.

Mimi ni Mnyamwezi niliyeoa Uzaramoni, na huu ni mwaka wa 42 nikiishi katikati ya watani wangu, kwa hiyo jambo hili nimelila na kulilipia. Wazee wetu walitusimulia kwamba utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani ulishika mizizi wakati wa misafara ya karne ya 19, wapagazi walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, huko Tabora, hadi Bagamoyo. Mtu aliyetembea miezi mitatu alihitaji maji, mahali pa kulala, na wa kumzika iwapo angefia njiani, na vyote hivyo alivipata kwa watu ambao pengine babu zao waligombana na babu zake. Ugomvi ukageuzwa kuwa maneno, na maneno yakawekewa masharti. Wasomaji wa siku hizi wanaijua sehemu ya maneno na kuyasahau masharti, hata wakadhani kwamba utani ni ruhusa ya kusema lolote mradi useme pia jina la kabila.

Masharti ninayoyajua ni mawili. La kwanza amekwisha kuligusa mhasibu: anayetaniwa lazima awe na uwezo na haki ya kurudisha. Asiyeweza kurudisha hataniwi, huyo anaonewa. La pili ni kwamba mtani ni mtumishi. Msiba ukitokea, utamwona mtani amevaa kanzu ya marehemu na kuiga mwendo wake mbele ya wafiwa, au ameingia kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe, na mgeni asiyejua atasema huyu mtu hana adabu. Lakini muulize nani aliyelichimba kaburi hilo tangu alfajiri, nani aliyekata kuni, nani aliyekoroga uji wa waombolezaji. Ni yeye yule. Amepewa kinywa kwa sababu ametoa mikono. Alipofariki baba mkwe wangu, mimi ndiye niliyelala juu ya mkeka wake nikidai deni la mbuzi, na mke wangu, aliyekuwa hajala kwa siku mbili, alicheka kisha akalia kwa sauti, kilio ambacho kilikuwa kimekwama. Baada ya hapo alikula.

Sasa rudi kwenye barua yako. Shemeji yako hakuja na mzaha mikono mitupu, Mwalimu. Alikuja na mtori. Anayejua kupika mtori anajua kwamba kumenya ndizi, kuchemsha nyama mpaka ilainike na kuponda si kazi ya dakika kumi, na kutoka Marangu mpaka hospitali ya rufaa ni safari. Mzaha ule ulikuwa na uzito wa chupa aliyoibeba. Wewe wa kituo cha basi umembebea nini yule unayemchekesha, naye anaweza kukujibu nini? Mtu asiyekujua akisikia mzee mwenye mguu mmoja anajitania, hawezi kukurudishia, atacheka kwa adabu na kutazama pembeni. Umemtania mtu kwa kutumia mwili wako mwenyewe.

Na kuna jambo nimelisoma mara mbili ili nisikukosee. Umetuambia kwamba mke wako ni Mchaga. Kwa hesabu yangu, katika nyumba yenu mtani wako wa kwanza si shemeji, ni yeye. Umetunukulia mizaha ya shemeji na mizaha yako mwenyewe. Wa mke wako sijauona hata mmoja. Alikutania mara ya mwisho lini?

Filimbi wa Same ameandika:

Shikamoo mzee.

Nimekaa na simu mkononi kwa muda mrefu kabla ya kukujibu. Mke wangu ndiye aliyekuwa hodari kuliko ndugu zake wote. Nilipogunduliwa kisukari mwaka 2016 aliwatangazia wageni kwamba Mpare ameacha sukari, na kwamba daktari amesingiziwa tu, sababu ni bei. Tangu mwezi wa nne sikumbuki kusikia lolote kutoka kwake. Sikuwa nimeliona hilo mpaka ulipouliza.

Kaka mhasibu, katika shule yetu yupo msichana mmoja wa darasa la nne. Nitarudi kuandika zaidi. Kwa leo nasema nimekusikia.

Mama Shee wa Mombasa ameandika:

Mwalimu, pole, na umpe pole mkeo zaidi, kwani hapa wengi wamekuandikia wewe.

Mume wangu ni fundi seremala aliyepoteza uwezo wa kuona kwa presha ya macho. Ilichukua miaka, jicho moja kisha la pili, na kila hatua aliitafutia kichekesho. Mgeni akiingia humwambia, "Karibu, leo umependeza." Mtu akimpa noti huinusa na kumwambia hii imeiva. Mtaa mzima ulimsifu kwamba ana moyo mkubwa, na ni kweli anao. Lakini wageni walipokwisha kuondoka, aliyebaki kuhesabu dawa za matone, kumwonyesha choo usiku na kukokotoa kodi ya karakana ambayo haifanyi kazi tena alikuwa mimi, na kila nilipotaka kusema kwamba nami nimechoka, alikuwa na kichekesho tayari. Hakuna aliyenikataza kulia. Ila kila nilipokaribia kulia nilichekeshwa, na mtu akishachekeshwa hawezi tena kulalamika, ataonekana mkosefu wa shukrani.

Mwanamume anapopoteza mguu, au macho, mke naye hugeuka mtu mwingine siku hiyo hiyo, bila kulazwa na bila kuletewa mtori. Mimi nilikuwa mke wa fundi, watu wakija kuniuliza bei ya kitanda. Sasa mimi ni fimbo yake nyeupe. Hilo halina mzaha bado, na nilimwomba mume wangu anipe muda nilichukie kwanza, tutalicheka baadaye. Alikasirika kwa siku nne. Siku ya tano aliniuliza ninachukia nini hasa, akanyamaza mpaka nilipomaliza kusema, na nilikuwa na mengi.

Muulize mkeo, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kutakakokushinda.

Mnyoosha Viungo ameandika:

Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na nimewahudumia watu waliokatwa viungo kwa zaidi ya miaka kumi. Wakubwa zangu wamekwisha kusema kuhusu utani kuliko ninavyoweza, nami nitajibu lile swali la utajuaje, kwa kuwa lina upande wa kitabibu.

Mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Kanada, Rod Martin, na wenzake walichapisha dodoso linalotenganisha ucheshi katika namna nne. Upo wa kuwaleta watu pamoja, upo wa kujiinua mwenyewe moyo hata ukiwa peke yako, upo wa kuwashambulia wengine, na upo wa kujidhalilisha ili ukubalike. Mbili za kwanza huendana na hali njema ya akili, na ule wa kujidhalilisha huendana na huzuni na wasiwasi. Ugumu ni kwamba kwa nje namna ya pili na ya nne hufanana kama mapacha. Maneno yanaweza kuwa yale yale. Mimi huwauliza wagonjwa wangu swali moja: unapokuwa peke yako usiku, hakuna wa kumchekesha, mzaha huo bado unakuchekesha? Anayesema ndiyo, simhofii sana. Anayetazama chini hukaa naye zaidi.

Ulisema umekosa usingizi. Kama hali hiyo imezidi wiki mbili, na inaambatana na kukosa hamu ya chakula au ya mambo uliyoyapenda, au kujiona huna thamani, mwambie daktari wako waziwazi kwa kuwa hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Nimewaona watu wanaochekesha foleni nzima ya kliniki kisha wanaingia chumbani na kuniambia hawataki kuishi. Mcheshi huchelewa kusaidiwa, kwa sababu hakuna anayemdhania.

Pili, hukutaja kama unausikia mguu usiokuwepo. Wengi huona aibu kulisema wakidhani watachekwa au wataambiwa wamerogwa. Unyayo huwasha, vidole hujikunja, wengine husikia maumivu makali katika kifundo ambacho kimezikwa miezi mingi. Silas Weir Mitchell, daktari wa Kimarekani aliyewatibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, alilieleza jambo hili kwa kirefu, na si wazimu. Ubongo bado una ramani ya mguu wote. Katika miaka ya 1990 V. S. Ramachandran alianza kutumia kioo: mgonjwa hukiweka kati ya miguu ili taswira ya mguu mzima ionekane mahali pa ule uliokatwa, kisha huuchezesha polepole. Baadhi hupata nafuu, baadhi hawapati, lakini kioo ni cha bei ndogo, na Mpare hatakosa kulipenda hilo. Samahani, mimi ni Mchaga pia.

Tatu, kigutu hubadilika ukubwa katika miezi ya mwanzo, hupungua kadiri uvimbe unavyoisha, kwa hiyo mguu bandia unaokutosha leo unaweza kukuchubua baada ya miezi miwili. Usivumilie. Moshi hapo, kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC, pana chuo cha TATCOT ambacho tangu mwaka 1981 kinafundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, na kutoka Same si mbali.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike. Umetania sana kuhusu mguu ulioondoka, lakini kuhusu uliobaki sikusoma neno. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyekwisha kukatwa mguu mmoja, wa pili uko hatarini sana. Unakaguliwa kila siku? Kati ya vidole, chini ya unyayo, kwa kioo kile kile kama huwezi kuinama? Nani anaukagua?

Filimbi wa Same ameandika:

Nimerudi baada ya siku tisa, na ninawaomba radhi kwa ukimya.

Nianze na lililo rahisi. Yule msichana wa darasa la nne nilimwita maktaba, nikamuuliza kama baada ya ule mzaha wangu kuna mtu aliyemwambia lolote. Alisema hapana, kisha akasema ndiyo. Nimezungumza na darasa lile upya, bila kichekesho, na nimemwomba mwalimu mwenzangu tugawane vipindi vya michezo. Yeye atakimbia, mimi nitapuliza. Kanuni za soka la magongo ninazisoma. Unyayo usiokuwepo unaniwasha, ndiyo, hasa saa nane usiku, na nilikuwa nimemficha hata daktari.

Mtaalamu ameuliza nani anaukagua mguu uliobaki. Ni mke wangu. Kila jioni huja na beseni na taa ya simu, anakagua, anakausha, anaondoka, na miezi yote hiyo nilikuwa nikijaza dakika zile kwa maneno ili zipite upesi. Jumanne nilimuuliza alichomaanisha aliposema amebaki na nani, kisha nikanyamaza kama Mama Shee alivyoelekeza. Naungama kwamba mizaha minne ilinijia kooni nikaimeza, na mmoja wao ulikuwa mzuri sana.

Alikaa kimya mpaka maji yakapoa. Kisha akanikumbusha jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau kabisa. Siku ile nilipofika nyumbani na lengelenge, nikakataa kuvibadilisha vile viatu vipya, aliniambia mbele ya watoto kwamba Mpare akishalipia kiatu hakivui hata kikimla. Tulicheka wote, mimi nikacheka kuliko wote, na siku mbili zilizofuata nilivivaa kwa makusudi ili kumchokoza. Tangu nilipokatwa mguu amekuwa akiamini kwamba alinikata yeye. Ndiyo maana alinyamaza. Kila nilipotania kuhusu kiatu mbele ya wageni, yeye alisikia nikimshitaki hadharani, tena mbele ya kaka yake.

Sikuwa na la kusema, na safari hii sikulitafuta. Nilimwambia kwamba niliyepuuza kidonda ni mimi, kwamba muuguzi wa kliniki alinionya mara mbili nikiwa peke yangu na sikumweleza yeye. Hilo nalo nilikuwa nimelificha. Alilia, nami nikalia, na mama yangu alipogonga mlango kuuliza kuna nini tulimwambia ni vitunguu, saa nne ya usiku.

Sikutegemea mengine. Lakini Jumamosi alitoa uvunguni sanduku ambalo sikujua kama lipo. Alikuwa amevitunza viatu vyangu vyote vya mguu wa kushoto, sita, pamoja na kile kipya, kwa kuwa hakuweza kuvitupa na hakuweza kuviona. Alivipanga juani kwenye baraza, akavipiga brashi kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nimekaa na magongo yangu, nimeuma ulimi. Alipomaliza alisimama, akajishika kiuno, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani, akasema: "Mzee wa Kipare, hivi vyako vya kushoto havina hata mkwaruzo. Unauzaje?"

Nikamwambia bei ni ile ile ya jozi.

Anasema nipunguze. Mpaka ninapoandika haya bado hatujaafikiana.